Nyumba Iliyozeeka kwa Wiki Mbili

Binadamu huzeeka taratibu, mbuzi haraka kidogo, lakini nyumba ya Msanifu Solomoni Tajeu wa Njiro ilizeeka miaka themanini kwa wiki mbili! Wala sisimulii habari za kuambiwa. Msingi wa nyumba ile niliukagua mimi mwenyewe, Zamda, mhandisi, zege likiwa bado bichi, na hiyo ni juzijuzi tu, mwaka 2016.

Sasa msinikatize, nianze mwanzo.

Hapa Arusha tuna chama chetu cha wasanifu na wahandisi tunaohifadhi majengo ya kale. Tuko wachache, meza moja inatutosha, ila kwa kugombana hata bunge linasubiri. Kila Jumamosi tunakutana mjini kati, nyuma ya duka la zamani la marehemu babake Mzee Rasik, tunakunywa chai kwa kachori na kuomboleza. Akiingia mtu akasema, "Jamani, lile dirisha la mbao la pale karibu na soko wameling'oa, wameweka alumini," watu wanavua kofia. Mpita njia akichungulia anadhani tumefiwa.

Na sheria tunazo. Ya kwanza, neno saruji halitajwi mkutanoni, ni tusi. Ya pili, hakuna kugusa kitu kilichoanguka au kuvunjika kabla hakijapimwa, kupigwa picha na kupewa namba. Kwetu kikombe kikivunjika hakifagiliwi, kinaandikiwa maelezo kwanza. Aliyeitunga sheria hii ya pili ni huyohuyo Solomoni, mkumbuke hilo. Ya tatu ndiyo iliyoleta balaa lote: mwenyekiti lazima yeye mwenyewe awe anaishi ndani ya nyumba ya kale, ajue adha ya bati linalovuja, asije akawa mhubiri tu.

Halafu kuna kiti chenyewe cha mwenyekiti. Cha mninga, cha enzi za Mjerumani, au ndivyo tunavyopenda kuamini. Miguu mitatu mizima, wa nne ulishavunjika. Tumeunda kamati ya kushughulikia ule mguu, na kamati haijawahi kukubaliana mguu mpya uwe wa mti gani, umri gani, na je, uonekane mpya au uonekane wa zamani? Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Rasik, miaka yote anakikalia huku ameng'ang'ania meza kwa mikono miwili. Akitaka kunywa chai, mtu anamshika bega.

Na bado kuna watu walikuwa wanakitamani!

Hakuna aliyekitamani kama Solomoni Tajeu. Mnamjua mtu wa aina hii: kitambi cha heshima, miwani inaning'inia kifuani, sauti kama anazindua daraja hata anapoomba sukari. Sifa yake kubwa ilikuwa kulamba kuta. Haki ya Mungu! Akifika kwenye ukuta wa zamani anakwangua lipu kwa ukucha, anaiweka ulimini, anafumba macho.

"Chokaa ya mwaka ishirini na tisa," anatangaza. "Mchanga wa mto Themi. Fundi alitumia mkono wa kushoto."

Sisi tunaitikia tu. Nani ataenda kulamba ili ahakikishe?

Basi Jumamosi moja Mzee Rasik akagonga kijiko kwenye kikombe. "Watoto wangu," akasema, "magoti yangu na kiti hiki hatuelewani tena. Nataka kupumzika. Sheria ya tatu mnaijua. Nani kati yenu anaishi nyumba ya kale?"

Mkono mmoja tu ukapanda, wa Bijal. Bijal ni msanifu kijana, mkali kama pilipili kichaa, anaishi ghorofani juu ya duka la babu yake. Ngazi za nyumba ile ukizipanda zinakulalamikia kwa jina.

Nilimwona Solomoni anakodolea kile kiti macho kama mtoto anavyokodolea keki ya harusi. Akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "sijawahi kulisema hili kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu."

Mtu mmoja alipaliwa na kachori.

"Nyumba ninayoishi mimi ni ya mwaka thelathini na nne. Alikuwa anakaa msimamizi wa shamba la mkonge. Iko Njiro."

"Njiro ipi?" Bijal akauliza. "Njiro hiihii ya mageti ya umeme?"

"Geti nimeliweka kuilinda historia, dada."

Mzee Rasik akasukuma kikombe chake pembeni. "Basi vizuri sana," akasema. "Wiki mbili kutoka leo tunakuja kwako wote. Tunaikagua nyumba, tunapiga kura hapohapo sebuleni. Na kiti tunakuja nacho."

Uso wa Solomoni ulibadilika rangi, na mtu angemwuliza ni rangi ya mwaka gani, hata yeye asingejua.

Nje alinivuta mkono mpaka nyuma ya mkokoteni wa machungwa. "Dada Zamda, ile nyumba yangu wewe unaijua."

"Naijua kuanzia kwenye kokoto."

"Nakusihi usimwambie mtu. Nikishindwa kuwaonyesha nyumba ya kale, wenzangu wataniona mwongo!"

"Kwani wewe si mwongo?"

"Ni mwongo, lakini wao hawajui!"

Nikataka kucheka, ila nilipomwangalia nikaona mwenzangu macho yamelowa. "Zamda," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "maisha yangu yote nimesifia nyumba za watu. Jioni narudi kwangu, nawasha taa za dari la jipsamu zinazobadilika rangi, kijani, zambarau, kijani. Naona aibu peke yangu. Kile kiti ndicho kitanitoa hapo."

Niliona huruma, nikamwahidi sitamwambia mtu. Na ahadi niliitimiza, hilo Mungu ni shahidi wangu.

Mkewe, Elizabeth, ni afisa kilimo, na wiki zile alikuwa amesafiri kwenda Dodoma kwenye semina ndefu. Mtoto wao, Namnyaki, yuko shule ya bweni. Elizabeth ni mwanamke mpole, anacheka na kila mtu, ila usiguse bafu lake. Vigae vya bafu lile, vyeupe vyenye maua ya bluu, alivizungukia mji mzima akivichagua kimojakimoja. Solomoni aliona safari ya mkewe ni baraka. Akampigia simu fundi wake, Msafiri wa Elerai.

"Msafiri, nataka uizeeshe hii nyumba."

"Niipake rangi upya?"

"Uizeeshe!"

"Bosi," Msafiri akasema, "nyumba huwa zinazeeka zenyewe. Hazijawahi kuhitaji fundi."

Lakini kazi ni kazi. Nilipopita pale katikati ya wiki, loo! Kwanza nilipitiliza. Geti la umeme limeng'olewa, pameegeshwa mlango wa zizi la ng'ombe. Bati jipya limemwagiwa chumvi na siki mpaka limeota kutu, na misumari mingine imechomolewa ili paa livuje. Kuta zimekandikwa chokaa iliyochanganywa na mavi ya ng'ombe, juu yake zikasuguliwa majani ya chai, halafu zikafukizwa moshi wa majani mabichi ya migomba. Alumini za madirisha zimezibwa kwa mbao za ghala lililobomolewa. Televisheni imevalishwa gunia. Choo cha ndani kimegeuzwa kabati, na nyuma ya uzio wa michongoma Msafiri amezama shimoni mpaka kiunoni, anachimba kingine.

"Na bafu?" nikauliza.

"Matope," Solomoni akajibu kwa fahari. "Ukutani mpaka juu. Huoni ua hata moja."

Majirani walishaanza kuja kumpa pole! Mmoja alileta unga na lita ya mafuta, akamshika mkono kwa huzuni. "Jikaze, baba Namnyaki. Mali huja na kuondoka." Solomoni akapokea, angesema nini?

Ila kilichonitisha mimi kilikuwa sebuleni. Juu ya dari la jipsamu walikuwa wamejaza mbao nzito za mwerezi, nyingine zimening'inizwa chini yake, na juu kabisa wamefungia kuku.

"Kuku wa nini?"

"Wa kuacha alama za miaka, Zamda. Dari la kale bila kinyesi cha ndege nani ataliamini?"

"Solomoni, jipsamu haibebi mzigo huu."

"Kuna nguzo." Akaipigapiga nguzo iliyosimama katikati ya sebule, ya mbao nyeusi yenye nyufa. Nikaigonga kwa kidole. Mbao wapi! Msafiri aliimwaga kwa saruji, akaichora vinundu kwa kijiko. Tena haikuwa na msingi wowote, imesimama tu juu ya vigae kama mgeni asiyekaribishwa kukaa.

"Itaanguka," nikasema.

"Nyie wahandisi kazi yenu ni kuogopa!"

Haya. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi ikafika. Ilikuwa asubuhi ya baridi, Meru imejifunika mawingu mpaka kiunoni. Tukashuka garini, Mzee Rasik na fimbo yake, Bijal na futi kamba na tochi, wenzetu wengine wamebeba kile kiti kama jeneza. Solomoni akatupokea mlangoni amevaa kaunda suti ya marehemu babu yake, mkononi kibatari kinawaka saa nne asubuhi.

"Shikamoo, Mzee! Karibuni kwenye unyenyekevu wangu."

"Marahaba," akasema Mzee Rasik, akapangusa masizi ya mlangoni kwa kidole. Akakitazama kile kidole, akakifuta kwenye fimbo yake.

Tukazungushwa. Solomoni anaeleza, hapa msimamizi wa mkonge alilala, hapa alipigia hesabu zake, hapa alimlilia mchumba wake aliyebaki Ulaya. Ungemsikia, na wewe ungemlilia mchumba. Wenzangu midomo wazi. Hata Bijal alisogeza tochi mpaka ikagusa ukuta. "Hii lipu..." akasema. "Mbona imekaa vizuri hivi? Msanifu, hii ni ya mwaka gani hasa?"

Jamani, mazoea mabaya. Solomoni akajisahau. Akakwangua ukuta kwa ukucha, akaweka ulimini, akafumba macho.

Macho yakafumbuka yenyewe!

Alikuwa amekumbuka zile ndoo za mavi ya zizini. Lakini mwenyekiti mtarajiwa atatemaje mbele ya wapiga kura? Akameza. "Thelathini na nne," akasema huku machozi yanamtiririka. "Naisikia... naisikia kabisa."

"Anaguswa sana na kazi yake," mwenzetu mmoja akanong'ona.

Tukaingia sebuleni kupiga kura. Kiti kikawekwa katikati, na Mzee Rasik akasema kabla ya kura kila mgombea akikalie, tuone kama anakiweza. Bijal akakaa, akakaza tumbo, akatulia kama kuku anayeatamia. Zamu ya Solomoni. Nilimwona anaushika mkono wa kiti taratibu, midomo inamchezacheza kwa furaha. Miaka yote ile! Akakaa.

Hapakuwa na meza ya kung'ang'ania.

Kiti kikainama upande wa mguu usiokuwepo. Solomoni akarusha mikono kutafuta pa kushika, akaikumbatia nguzo. Nguzo nayo ikamkumbatia. Wakaenda chini pamoja, na dari karibu lote likawafuata!

Mbao, jipsamu, vumbi, kuku! Kuku mmoja alitua kwenye kichwa cha Mzee Rasik, akatulia hapo kama kofia. Vumbi lilipopungua tukaona miguu miwili ya kaunda suti inachomoza kwenye kifusi, upande wa pili kichwa cha Solomoni, cheupe kama kimepakwa unga wa muhogo.

"Nitoeni!" akapiga kelele.

Nikaruka kwenda kumvuta. Mzee Rasik akanizuia kwa fimbo. "Zamda! Sheria ya pili. Mtu asiguse!"

Basi, wenzangu, kwenye taaluma nyingine mtu akifukiwa anafukuliwa. Sisi tulitoa futi kamba. Kila mtu akashika kona yake. Bijal akaanza kubandika namba: ubao namba moja, ubao namba mbili, kuku hai watatu.

"Namba nane," akasoma, akambandika Solomoni kipajini. "Msanifu. Mtu mzima. Hali mbaya kiasi, bado anaongea."

"Mguu wangu jamani!"

"Wa kushoto au wa kulia? Tunaandika."

"Saruji imenikalia kwenye nyonga!"

Kalamu zikasimama. Watu wakatazamana. "Lugha, Msanifu," akasema Mzee Rasik kwa uchungu. "Hata katika shida, lugha."

Hapohapo, kwenye kipande cha dari kilichobaki juu, taa za jipsamu zikajiwasha. Kijani. Zambarau. Kijani.

Kabla mtu hajauliza, mlango wa zizi ukasukumwa na Elizabeth akaingia na begi lake. Semina ilikuwa imekwisha mapema.

"Nimeipita nyumba yangu mara mbili," akasema polepole. "Jirani ananikumbatia barabarani, ananiambia pole. Baba Namnyaki, umefilisika?"

"Mama Namnyaki, karibu," kifusi kikajibu.

Elizabeth akaenda moja kwa moja bafuni. Ukelele uliotoka kule, kuku wote wakarudi juu ya mbao wenyewe!

"Nani amepaka matope vigae vyangu?" Alisimama mlangoni, kigae kimoja alishakipangusa kwa mtandio wake, kile cha ua la bluu. "Nyumba tumehamia Namnyaki anaanza darasa la kwanza! Vigae nilivichagua mwenyewe! Nani?"

Mimi nilitazama dirishani. Nilikuwa nimeahidi, na mpaka hapo hakuna neno lililokuwa limetoka kinywani mwangu.

Chini ya kifusi Solomoni akalia. Alilia kweli, machozi yanachora mistari kwenye lile vumbi jeupe. "Ni mimi," akasema. "Nyumba ni ya mwaka 2016. Nilikitaka kiti, jamani. Nilikitaka tu. Nisamehe, mama Namnyaki."

Mzee Rasik akamshusha kuku kichwani, akamkabidhi kwa mwenzetu. Akatembea kuzunguka sebule, anashika kutu, ananusa moshi ukutani, anatikisa kichwa. Tukajua sasa anamfukuza chamani.

"Mimi nina miaka hamsini kwenye kazi hii," akasema. "Nyumba za kale nimeziona, mpaka Zanzibar, mpaka Bagamoyo. Nyumba za kale zipo nyingi. Lakini uongo uliojengwa kwa ufundi namna hii sijauona. Huu ni mmoja tu nchini! Ukifutwa, wajukuu wetu hawataamini kama ulikuwepo. Napendekeza nyumba hii ihifadhiwe, yote, kama ilivyo leo."

"Naunga mkono!" Bijal akadakia kabla mzee hajafunga mdomo.

Mikono ikapanda. Wangu ulikuwa wa kwanza, sifichi.

"Na kura yangu mimi?" Solomoni akauliza.

"Wewe ni namba nane," Bijal akasema. "Namba hazipigi kura."

"Na bafu langu?" Elizabeth akauliza, na sauti yake ilimfanya hata Mzee Rasik arudi hatua nyuma.

"Bafu linaoshwa leo, mama. Wewe hukuzeesha kitu, huna kosa."

Basi Solomoni akafukuliwa, akapanguswa, na akapewa ndoo na brashi. Mpaka jioni maua yote ya bluu yalikuwa yanang'aa. Elizabeth akafunga bafu kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. "Mwenye uzee atumie vya uzee," akasema, akamwonyesha njia ya choo cha nyuma ya michongoma.

Kiti alikipata Bijal. Na Solomoni naye hakukosa cheo: ndiye mtembeza wageni wa Nyumba ya Tajeu. Kila Jumamosi wanafunzi wanakuja kumsikiliza, na Mzee Rasik anakaa nyuma kuhakikisha anasema kweli. Wanampenda sana. Wakifika kwenye ule ukuta lazima mmoja aulize, "Mzee, na hapa ndipo ulipolamba?"

Mvua za masika zilipoanza, alinipigia simu. Kwa nyuma nasikia maji, tii, tii, tii.

"Dada Zamda, bati linavuja. Linavuja juu ya kitanda! Nimemwomba Bijal nibadilishe bati moja. Moja tu!"

"Amekataa?"

"Hajakataa. Anasema chama bado hakijajua kama bati la kubadilishia liwe jipya, au liwe jipya lililozeeshwa, au lizeeke kwanza lenyewe."

"Sasa mmefikia wapi?"

Nikasikia Elizabeth, kwa mbali, ndani ya bafu lake la vigae, anaimba.

"Wamelipeleka kwenye kamati," Solomoni akasema. "Ileile ya mguu wa kiti."